Ram Mohan na katuni za India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikifundisha vijana kuchora katuni, jina la Ram Mohan hunitoka mdomoni mapema, na maswali huanza papo hapo. Mengi yanajirudia. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kuanzia yale ya anayemsikia mtu huyu kwa mara ya kwanza hadi yale ya wanaotaka kuchimba. Kila jibu linajitosheleza. Palipo na jambo lililokwisha elezwa, nitakuelekeza ulitafute wapi.

## Ya mwanzo kabisa

Ram Mohan ni nani?

Ni mchoraji na mwongozaji wa filamu za katuni wa India, aliyezaliwa tarehe 26 Agosti 1931 na kufariki Mumbai tarehe 11 Oktoba 2019, akiwa na miaka 88. Aliingia kwenye kazi hii mwaka 1956 na hakuiacha tena. Katika muda huo alichora filamu fupi za serikali, matangazo ya biashara, vipande vya katuni ndani ya filamu za kawaida za Kihindi, mfululizo wa Meena uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Asia ya Kusini, na filamu ndefu ya Ramayana (utenzi wa kale wa Wahindu kuhusu mwana wa mfalme aitwaye Rama) aliyoiongoza pamoja na Wajapani. Uzeeni akafungua shule.

Ukimwona babu wa Kihindi kwenye picha, nywele nyeupe, miwani, penseli mkononi, na chini yake pameandikwa baba wa uhuishaji wa India (uhuishaji, yaani kuifanya michoro itembee), ndiye yeye.

Ni kweli ndiye baba wa uhuishaji wa India? Hakuna aliyemtangulia?

Waliomtangulia wapo. Dadasaheb Phalke, yule aliyetengeneza *Raja Harishchandra* mwaka 1913, alikuwa tayari ameupiga picha mche wa njegere ukichipua, fremu moja moja kwa siku nyingi, hadi ukaonekana unakua mbele ya macho. Mwaka 1915 akacheza na njiti za kiberiti zinazojisogeza zenyewe. Mwaka 1934 ikatoka Kolkata filamu fupi ya kuchorwa, *The Pea Brothers*, ya Gunamoy Banerjee.

Kwa hiyo cheo hicho kisichukuliwe kuwa na maana ya wa kwanza. Mimi nakielewa kama tunavyomwita mtu baba kwa sababu amelea. Kabla yake katuni India ilikuwa majaribio ya mtu mmoja mmoja, anajaribu, fedha zinaisha, anaacha. Kizazi cha Ram Mohan ndicho kilichoigeuza kuwa kazi ya kudumu, yenye studio, mishahara na wanafunzi. Yeye aliishi kwenye kazi hiyo miaka zaidi ya 60, na watu waliopita mikononi mwake wametawanyika katika tasnia nzima.

Alisomea uchoraji wapi?

Hakusomea. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Madras, akaenda Bombay (ndiyo Mumbai ya leo) kuendelea na masomo hayo hayo, akayaacha njiani. Mkono wa kuchora alikuwa nao, ila ufundi wa kuufanya mchoro utembee aliupata kazini. Mwalimu wake nitamweleza kwenye swali linalofuata.

## Miaka ya Films Division

Alianzaje kazi, na huyo Clair Weeks anayetajwa kila mara ni nani?

Films Division ilikuwa idara ya serikali ya India iliyoanzishwa mwaka 1948 kutengeneza filamu za habari na elimu. Mwaka 1956 ikafungua kitengo cha katuni pale Bombay, na kwa kuwa hapakuwa na wa kufundisha, akaletwa Clair Weeks kutoka Marekani kwa mpango wa msaada wa kiufundi. Weeks alikuwa amefanya kazi katika studio ya Walt Disney, ikiwemo filamu ya *Bambi*. Na India hakuja kama mgeni kabisa: alizaliwa hukohuko, wazazi wake wakiwa wamisionari.

Ram Mohan, kijana wa miaka 25, akawa mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza. Wengine walikuwa G. K. Gokhale, na V. G. Samant ambaye karibu nusu karne baadaye aliongoza filamu ndefu ya katuni *Hanuman*, ya mwaka 2005. Darasa dogo, lakini angalia lilivyozaa.

Zoezi lao kubwa lilikuwa *The Banyan Deer*, filamu fupi iliyotoka mwaka 1957, kutoka hadithi za Jataka za Wabudha. Mfalme anapenda kuwinda. Paa wanakubaliana naye kwamba kila siku mmoja wao ajitoe kwa kura, ili wengine wasijeruhiwe ovyo. Siku moja kura inamwangukia paa mwenye mimba. Kiongozi wa paa anakwenda kulaza shingo yake mahali pake, na mfalme anashindwa kuua. Wanyama wa filamu hiyo bado wana sura ya Disney, hasa macho na shingo zao, na hilo si la kushangaza, mwalimu alikuwa amechora *Bambi*. Ila hadithi, mavazi na miti ni ya nyumbani. Hapo ndipo naona kazi ya maisha ya Ram Mohan ilipoanzia: mkono umefundishwa na mgeni, macho yanatazama kwao.

Kazi yenyewe ilifanywaje kabla ya kompyuta?

Hili vijana huuliza kuliko yote, na ninafurahi wanapouliza.

Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde moja. Dakika moja ni fremu 1,440. Kwa kawaida mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, kwa hiyo dakika moja inahitaji kama michoro 720, na filamu ya dakika kumi inataka kama 7,200. Hapo hujaharibu hata karatasi moja.

Mchoraji anakaa kwenye meza ya mteremko yenye kioo katikati na taa chini yake. Karatasi zimetobolewa matundu ukingoni, zinavishwa kwenye vijiti vya chuma ili zisisogee hata unywele. Anachora mkono ukiwa chini, halafu ukiwa juu, kisha anaweka karatasi nyingine juu ya hizo mbili na, kwa mwanga unaotoka chini, anatafuta mkono wa katikati. Vidole vya mkono wa kushoto vinapepea karatasi mbele nyuma, mbele nyuma, ili jicho lione kama mwendo umekaa. Ukipita jirani yake unasikia sauti hiyo ya karatasi siku nzima.

Mwendo ukikubalika, mistari inanakiliwa kwa wino kwenye karatasi angavu za plastiki, halafu rangi inapakwa upande wa nyuma ili isifunike wino. Karatasi hiyo inalazwa juu ya mandhari iliyochorwa kando, kioo kinashushwa, kamera iliyofungwa juu inapiga fremu mbili. Inatolewa, inawekwa nyingine. Chembe ya vumbi ikiingia, itaonekana ukutani kwenye sinema ikiwa na ukubwa wa sahani.

Nani walikuwa wanazitazama filamu hizo fupi za serikali?

Karibu kila aliyekwenda sinema. Sheria iliwabana wenye majumba ya sinema kuonyesha filamu za Films Division kabla ya filamu kuu, kwa hiyo mtu aliyelipia kuona mapenzi na nyimbo alikutana kwanza na katuni ya uzazi wa mpango au umoja wa taifa. Katika kitengo hicho Ram Mohan aliandika hati, akabuni wahusika, akachora. Moja ya kazi walizotoa ni *This Our India* ya mwaka 1961, iliyotokana na kitabu cha Minoo Masani cha kuwaeleza watoto nchi yao kwa takwimu na picha. Filamu yake *Homo Saps* ilipata Tuzo ya Taifa ya Filamu. Baadaye *You Said It* na *Fire Games* nazo zikapata.

## Kujitegemea

Kwa nini aliacha kazi ya serikali?

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia Prasad Productions, akawa mkuu wa kitengo chao cha katuni, na mwaka 1972 akafungua kampuni yake, Ram Mohan Biographics. Serikalini mchoraji alikuwa na mshahara wa uhakika na mada za kupewa. Nje alipata uhuru, pamoja na kodi ya pango kila mwezi. Kilicholipa kodi hiyo ni matangazo ya biashara: sekunde 30 za sabuni au biskuti.

Wapo wanaoyadharau matangazo. Mimi siyadharau. Tangazo la sekunde 30 ni shule kali, kwa sababu huna pa kujificha, na fedha zake ndizo zilizowaweka wachoraji kwenye meza zao hadi kazi kubwa ilipokuja.

Ni kweli kuna katuni zake ndani ya filamu za kawaida za Kihindi?

Ndiyo, na wengi wamezitazama bila kujua. Alifanya vipande vya katuni katika *Bhuvan Shome* ya Mrinal Sen mwaka 1969 na *Pati Patni Aur Woh* ya B. R. Chopra mwaka 1978.

Ninachokipenda mimi ni kile kilichomo katika *Shatranj Ke Khilari* ya Satyajit Ray, mwaka 1977. Filamu inahusu mabwana wawili wa Lucknow wanaocheza sataranji huku Waingereza wakiwachukulia ufalme wao wa Awadh mwaka 1856. Ray alihitaji kumweleza mtazamaji, kwa dakika chache tu, jinsi falme za India zilivyomezwa moja baada ya nyingine. Gavana Mkuu Dalhousie alikuwa amewahi kuandika kuhusu Awadh kama tunda la cheri litakaloanguka mdomoni mwao siku moja. Basi katuni ikalichukua neno lake kama lilivyo: matunda ya cheri yanaliwa, Punjab, Burma, Nagpur, Satara, Jhansi, na sauti ya Amitabh Bachchan inasimulia. Linabaki moja. Mwigizaji angehitaji hotuba ndefu kusema hayo; mchoro umeyasema kwa mdomo unaotafuna.

## Meena

Meena ni nani, na Ram Mohan alihusikaje?

Meena ni msichana wa miaka tisa anayeishi kijijini mahali fulani Asia ya Kusini, ana mdogo wake wa kiume Raju na kasuku aitwaye Mithu. Alizaliwa kwa juhudi za UNICEF, ofisi ya Bangladesh ikiwa mbele, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati nchi za ukanda huo zilikuwa zimetangaza muongo wa mtoto wa kike. Ram Mohan ndiye aliyekabidhiwa kumpa sura na mwendo, akishirikiana na wachoraji wa Bangladesh na studio ya Hanna-Barbera iliyokuwa Manila. Vipindi 13 vya mwanzo vilitoka kwa Kibengali, Kihindi, Kiurdu, Kinepali na Kiingereza.

Kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya Ram Mohan ya kuhifadhi, ningeiacha Ramayana pamoja na uzuri wake wote, nikachukua Meena.

Vipindi vyenyewe vinasimulia nini?

Chukua kile cha kuhesabu kuku. Meena haendi shule, Raju anakwenda. Anamtuma Mithu akatue dirishani kwa darasa, asikilize, arudi amwambie. Kasuku anarudi na hesabu kichwani, Meena anazikariri akiwa kazini. Baadaye anahesabu kuku wa nyumbani na kugundua mmoja hayupo, mwizi anakimbizwa, na baba anaanza kufikiri upya. Hakuna aliyemhubiria baba huyo. Alichoona ni faida ya hesabu kwenye banda lake mwenyewe.

Kingine ni cha embe. Tunda linagawanywa, kipande kikubwa kinakwenda kwa Raju, kwa kuwa yeye ni mvulana na anafanya kazi. Meena anapendekeza wabadilishane kazi kwa siku moja. Jioni Raju yuko hoi, na anaijua njaa ya dada yake kwa tumbo lake mwenyewe. Nimewahi kukionyesha kipindi hiki kwa watoto wasiojua neno la Kihindi, sauti ikiwa imezimwa. Kipande cha embe kilipokatwa, msichana mmoja wa mbele alisema kwa sauti, kama nyumbani. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Walipataje msichana mmoja anayekubalika India, Pakistan, Nepal na Bangladesh?

Kwa kuuliza. Michoro ya awali ilipelekwa vijijini katika nchi hizo, wazazi na watoto wakaonyeshwa nyuso na mavazi, wakasema huyu ni wetu au huyu si wetu. Nguo ikirefushwa anaonekana wa nchi moja, ikifupishwa wengine wanakataa. Hata hadithi zilisomwa mbele ya watu kabla ya kuchorwa. Meena unayemwona amekubaliwa na wanavijiji kabla hajakubaliwa na ofisi yoyote. Kazi hii ya kusikiliza huchukua muda mrefu, haionekani kwenye skrini, na ndiyo tunayoiruka wengi wetu.

Je, kuna uhusiano kati ya Meena na Sara wetu?

Upo, wa damu kabisa. Neill McKee, Mkanada aliyesimamia mradi wa Meena akiwa UNICEF Dhaka, alihamia Nairobi, na huko akaongoza mradi uliomzaa Sara, msichana wa katuni kwa ajili ya Afrika Mashariki na Kusini. Ulizinduliwa mwaka 1996. Kasuku akawa tumbili, Zingo. Mwendo wa kazi ulikuwa uleule: wachoraji wa nchi mbalimbali, utafiti vijijini na mitaani, hadithi zikajaribiwa mbele ya watu, kisha zikatoka kama katuni, vijitabu vya picha na vipindi vya redio, Kiswahili kikiwemo.

Ila Sara ni mkubwa kidogo kuliko Meena, na matatizo yake ni ya msichana anayebalehe: mjomba anayetaka aache shule, mwanamume mtu mzima anayemtega kwa lifti na zawadi, ukeketaji. Wengi tuliosoma vijitabu vile hadi vikachanika hatukujua kwamba Sara ana dada yake Dhaka, aliyemtangulia kuchorwa.

## Ramayana ya Kijapani

Kwa nini hadithi ya Wahindi ilichorwa Japani?

Mtayarishaji wa Kijapani Yugo Sako alikwenda India mwaka 1983 kutengeneza filamu ya habari kuhusu uchimbaji wa mambo ya kale unaohusiana na Ramayana. Akaipenda hadithi, akasoma tafsiri moja baada ya nyingine, akataka kuichora. Habari zilipovuja kwamba Wajapani wanataka kumfanya Rama kuwa katuni, yakaja malalamiko, likiwemo la shirika la Kihindu la Vishva Hindu Parishad, kwamba jambo takatifu lisichezewe hivyo. Serikali ya India nayo haikukubali kushirikiana; suala la Rama na Ayodhya, mji ambao Wahindu wanaamini ndiko alikozaliwa, lilikuwa tayari moto wa kisiasa. Basi kazi ikafanyika Tokyo.

Ram Mohan akawa daraja. Wachoraji wa Kijapani hawakujua sari inakunjwaje mtu anapoketi, salamu ya mikono inaanzia wapi kifuani, mtu anavuaje viatu mbele ya mkubwa wake. Akina Ram Mohan walikuwa wakiwaonyesha kwa vitendo. Sanaa ikichorwa vizuri halafu mtu akaketi vibaya, mwenyeji anajua mara moja kwamba si wake.

Kwa hiyo mwongozaji ni yeye au Sako?

Wote wawili, pamoja na Koichi Sasaki. Filamu inaitwa *Ramayana: The Legend of Prince Rama*, ina zaidi ya saa mbili, ilikamilika mwaka 1992, na ilichorwa na wasanii wapatao 450. Muziki ni wa Vanraj Bhatia. Katika sauti za Kihindi, Rama ni Arun Govil, yuleyule wa mfululizo maarufu wa televisheni, na Ravana, adui yake katika hadithi, ni Amrish Puri.

Mbona watu wa India wengi waliiona kwenye televisheni tu?

Ilikuja wakati mbaya. Desemba 1992 msikiti wa Babri ulibomolewa Ayodhya, damu ikamwagika sehemu nyingi za nchi, na filamu kuhusu Rama, hata ya amani kama hii, haikupata usambazaji mpana kwenye sinema. Vituo vya katuni vya televisheni ndivyo vilivyoiokoa: watoto wa mwisho wa miaka ya 1990 waliiona tena na tena, wakakua nayo. Tarehe 24 Januari 2025 ikarudishwa kwenye majumba ya sinema India ikiwa imesafishwa picha, kwa Kihindi, Kitamil, Kitelugu na Kiingereza. Sako alikuwa amefariki mwaka 2012, Ram Mohan mwaka 2019. Hawakuiona siku hiyo.

## Miaka ya mwisho, na yanayochanganya

Aliingia kwenye kompyuta au alikataa?

Aliingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni yake iliungana na kundi la UTV, akawa mwenyekiti wa studio hiyo mpya. Mwaka 2006 akaanzisha Graphiti School of Animation mjini Mumbai, akiwa na miaka 75. Hata pale palipojaa kompyuta, aliyejua ile meza yenye taa (rudi kwenye swali la kazi kabla ya kompyuta) hupeleka jicho lake kwenye mwendo kwanza, programu baadaye. Mwaka 2014 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri.

Nimeona Ram Mohan katika filamu za zamani za Kihindi akiigiza. Ni yeye?

Hapana. Huyo ni mwigizaji mwenye jina hilohilo, aliyefariki mwaka 2015. Wala usimchanganye na Ram Mohan Roy, mwanamageuzi wa Bengal wa karne ya 19 aliyepinga wajane kuchomwa moto pamoja na maiti za waume zao.

Nina nafasi ya kutazama kazi moja tu wiki hii. Nianze na ipi?

Kama una watoto nyumbani, anza na kipindi cha Meena cha embe, mkae pamoja. Kama wewe ni mchoraji, tafuta *The Banyan Deer*, uitazame mara mbili: ya kwanza fuata hadithi, ya pili usitazame sura kabisa, tazama miguu ya paa inavyogusa ardhi.